Maswali ya Gari: Shoki ya Premio Itaingia kwa Fielder?

Mvua imeondoka na lami, na barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja. Gari iko chini ama inagonga, spea mpya ni bei, na kule Kirinyaga Road, mtaa wa spea Nairobi, kuna eks-Japani, yaani mtumba uliotoka Japani, imetundikwa kwa waya, imetoka kwa gari ambayo muuzaji anaapa ni ndugu ya yako. Sasa itaingia ama haitaingia? Nimechukua zile barua zenye maelezo ya kueleweka. Ukiandika tena tafadhali weka ile kodi ya chasi, zile herufi na namba za kabla ya kistari, manake "niko na Fielder" peke yake haitoshi, na utaona hapa chini kwa nini.

Fundi habari ya kazi. Niko na Fielder ya 2008, NZE141. Matuta ya huku kwetu inagonga karibu yote na shoki za mbele zimeanza kuvuja. Jirani ana Premio 260 na naona imeinuka kuliko yangu. Kijana wa Grogan, kule sokoni kwa spea, ameniambia Premio na Fielder ni kitu kimoja, nichukue shoki na koili za Premio, nifunge, nisahau. Ni kweli? – Baba wa wawili, Kayole

Baba, huyo kijana hajakudanganya, ila amekupa nusu ya maneno. Hapo Toyota walikuwa na ukoo mmoja mkubwa: NZE 121 yenyewe, Fielder yake, Runx, Allex, Spacio ile ya pili, halafu Premio na Allion za 240, zote ni watu wa nyumba moja kwa upande wa chini, na zilipokuja za kufuata, Axio na Fielder 141 mwaka 2006 na Premio na Allion 260 mwaka 2007, ule ujamaa uliendelea. Mbele ni MacPherson, nyuma zile ambazo si foo-wili ni bimu, ule mti mmoja wa chuma unaounganisha magurudumu ya nyuma. Ndio maana ukiweka shoki ya Premio na ya Fielder kwa benchi zinafanana mpaka mtu anakuuliza unangoja nini.

Unangoja kujua kwanza ni Premio gani. Hiyo 260 iko ya 1.5, NZT260, iko ya 1.8, ZRT260, na iko ya 2.0, ZRT261, na uzito wa mbele si mmoja. Koili hupangwa kulingana na uzito wa gari, na hata ndani ya modeli moja kiwandani wanaweka koili za ugumu tofauti. Vile vidoa vya rangi unavyoona kwa koili, kijani, zambarau, bluu, si urembo, ndio alama yenyewe. Sasa mtu akikuokotea mbili kutoka kwa rundo, moja imetoka kwa 1.5 na ingine kwa 2.0, gari itakaa imeinama upande mmoja na utazunguka gereji ukilaumu matairi.

Halafu kuna kazi yenyewe ya MacPherson, na hapa naomba unisikize vizuri. Kuna gari ambazo shoki kazi yake ni kutuliza tu ule mruko wa koili. Kwa MacPherson shoki ndio nguzo. Chini imeshika ile nako inayobeba gurudumu kwa bolti mbili, juu imeshika mwili wa gari, katikati imebeba koili kwa ile sahani iliyochomelewa. Sahani ikiwa juu kidogo, gari inainuka. Matundu ya bolti yakisogea hata milimita chache, gurudumu linalala ndani ama linatoka nje, na tairi inaliwa upande mmoja. Kwa hivyo mtu akikuambia "imeingia" bado hujajibiwa. Kuingia ni bolti kupita tu.

Angalia pia vile vishikio vidogo vya pembeni, pa paipu ya breki, pa waya wa ABS na pa stabilaiza linki, kile kifimbo cha kusaidia gari isilale kwenye kona, kama yako inashikwa hapo. Nimeona Fielder imeletwa na paipu ya breki imefungwa na zip-tai, kwa sababu shoki iliyowekwa haikuwa na kishikio mahali pale. Kila usukani ukizungushwa mwisho ile paipu ilikuwa inasugua koili, na ukipitisha kidole unahisi raba imeisha na nyuzi za ndani zimeanza kusimama. Hiyo ni breki ya mbele ya gari ya familia, na mwenyewe alikuwa amekuja kuniuliza juu ya sauti tu.

Njia ya uhakika ni pati namba. Za Toyota ni tarakimu kumi, zingine zimechanganywa na herufi, tano kistari tano. Zile tano za mwanzo zinasema ni kitu gani: 48510 ni shoki ya mbele kulia, 48520 ya mbele kushoto, 48131 ni koili ya mbele, 48231 ya nyuma, 48609 ni maunti ya juu, ile inayoshika shoki kwa mwili wa gari. Hizo hazitakusaidia sana kwa swali lako kwa sababu ni zile zile kwa Corolla na kwa Premio. Zile tano za nyuma ndio zinatenganisha. Peleka chasi namba yako kamili kwa duka la spea jenuini wakuangalizie kwa katalogi, ufanye vivyo hivyo na chasi ya hiyo Premio kama muuzaji anaijua, na kama haijui hiyo nayo ni habari. Namba zikilingana, nunua. Zisipolingana bado si mwisho, angalia katalogi ya KYB, watengenezaji wa shoki, wao namba yao moja wanaiorodheshea gari zote inazoingia, na namba hiyo huwa kwa mwili wa shoki ukipangusa vumbi.

Sasa kwako wewe. Msimamo wangu kwa mtumba ni mmoja: chuma nunua mtumba, raba na oili nunua mpya. Koili ni chuma, ikiwa haijaliwa na kutu wala haijakatwa itakutumikia. Shoki ni oili, gesi na sili. Ile iliyotoka Japani haijaonja mashimo yetu, ni kweli, lakini sili inazeeka hata ikiwa imelala kwa kontena, na mtu wa kukuambia imelala muda gani hayuko. Kwa pesa ya kuchukua eks-Japani sasa na kurudi tena baada ya muda mfupi kulipa fundi na alaimenti upya, afadhali ungoje mwisho wa mwezi ununue mpya mbili za chasi yako. Maunti za juu badilisha hapo hapo ukiwa umefungua. Kama bado unataka kuinua, tafuta koili za gari inayojulikana, pea kamili, usichanganye.

Yangu ni Fielder 2013, NZE161. Rafiki yangu alipata ajali na 141, anataka kuniachia chini yote, shoki, lowa amu (amu za chini), hata bimu ya nyuma, kwa bei ya urafiki. Injini ni ile ile 1NZ na jina ni lile lile. Mbona nisichukue? – Wa Rongai

Pole kwa rafiki, natumai alitoka mzima.

Usichukue. Fielder 161 ilipotoka 2012 Toyota walihama nyumba. Waliacha msingi wa 141, wakajenga juu ya ule wa Vitz. Injini walibaki nayo, jina walibaki nalo, wakabadilisha chini, na hapo ndipo watu wengi sana Nairobi wanapotezea pesa, kwa sababu mtu anafungua boneti anaona 1NZ anatulia. Kwa upande wa chini jamaa ya gari yako ni Vitz 130 kuliko Fielder iliyoitangulia. Na mwaka 2015 wakafanya kinyume chake, wakaleta injini ya 2NR, chasi ikaanza kuitwa NRE161, watu wakadhani ni gari ingine kumbe chini ni ukoo ule ule. Sisemi sasa ukimbilie Vitz bila kuangalia namba, Vitz ni nyepesi na koili zake zinajua hivyo. Nasema tu ujue nyumba ni ipi.

Hata kama ungekuwa na 141, bimu ya gari iliyopata ajali siwezi kukuruhusu uifunge bila kuipima. Bimu ikipinda kidogo macho hayaoni, lakini magurudumu ya nyuma yataelekea upande na gari itatembea kimshazari. Gari ya bimu kwa nyuma haina pa kurekebishia alaimenti kama mbele. Ukifunga iliyopinda umefunga.

Fundi, mimi ni mwanamke na gari ni yangu, Runx. Nikienda Grogan naonyeshwa shoki inang'aa na naambiwa "madam hii ni safi, eks-Japani". Nifundishe kuangalia mwenyewe, sitaki kutuma mtu. – South B

Dada, hii ndio barua nimeipenda zaidi, na nitakujibu kwa urefu.

Ile kung'aa isikubabaishe. Shoki iliyotoka kontena huwa ina vumbi la kijivu limekauka, kidogo kutu pembeni, stika imechanika. Ikiwa nyeusi tititi kama imetoka dukani na rangi imepita mpaka juu ya stika, imepigwa spreya, na mtu hapigi spreya bure. Chukua tishu ya kwako, zungusha pale fimbo inapotokea kwa mwili wa shoki, pale kwa sili. Tishu ikitoka na vumbi kavu ni vizuri. Ikitoka na oili, hata kidogo, weka chini. Ikitoka imenukia mafuta taa, weka chini haraka zaidi, imeoshwa asubuhi.

Fimbo yenyewe iangalie kwenye mwanga, izungushe polepole. Inatakiwa iwe laini kama kioo. Pitisha ukucha, si kidole, kidole hakihisi. Ukucha ukikwama mahali, hata kamkwaruzo kadogo ama kadoa ka kutu, hapo ndipo sili itakatwa kila ukipita tuta.

Sasa kuisukuma. Iwe imesimama wima, na hapa wengi wanakosea, wanaisukuma ikiwa imelala. Shoki iliyolala muda mrefu hewa inaingia pasipofaa, kwa hivyo isukume juu na chini mpaka mwisho mara tano hivi kabla hujaanza kuhukumu. Baada ya hapo sikiza mkono. Uzito uwe sawa safari yote. Ukifika mahali inaanguka bure halafu inashika tena, oili imepungua ama vali imechoka. Ikiwa ni ya gesi, ukiifinya mpaka chini na kuiachilia itapanda yenyewe polepole mpaka juu. Isipopanda gesi imeenda. Linganisha na mwenzake, ziwe sawa.

Shida ni kwamba mara nyingi utapewa imefungwa pamoja na koili na maunti, na hapo huwezi kusukuma kitu kwa mkono. Mwambie aifungue. Akikataa, basi unanunua koili na unapewa shoki ya bahati, na ulipe bei ya hivyo. Koili iangalie zile ncha. Ncha ya kiwandani imemalizika vizuri na rangi yake imefika mpaka mwisho. Iliyokatwa na grainda ina kona kali, chuma tupu ama kutu mpya, na hiyo hata ukipewa bure acha, kwa sababu haikai vizuri kwa sahani na inaweza kuruka nje gurudumu likining'inia.

Mwisho tafuta R na L. Shoki za mbele za gari yako haziingii upande wowote tu, ya kulia ni ya kulia na ya kushoto ni ya kushoto, vishikio vinatazamana. Usikubali R mbili na neno "itapinduliwa".

Bro, niko na Impreza hatchback ya 2006, engine 1.5. Nataka kuweka strati, yaani shoki na koili zake, za Forester SG5 ikae juu kidogo, naenda ushago Nyandarua kila mwezi. Wasee wa Subaru wanasema ni plug and play, unafunga tu unaenda. – Ruaka

Ndugu, hii ni mojawapo ya kubadilishana zinazoeleweka kabisa, kwa sababu Forester SG ilijengwa kutoka kwa Impreza ya kizazi hicho chako. Watu wanafanya hivyo dunia nzima na gari zinatembea. Kwa hivyo sikukatazi. Nakuambia kazi iliyoko ndani yake, manake hiyo plug and play ndio inaleta Impreza kwangu na matairi yameliwa ndani mpaka waya zinaonekana.

Mbele, ile bolti ya juu inayoshika strati kwa nako si bolti ya kawaida. Katikati yake imetoka kidogo upande mmoja, ukiizungusha inasogeza gurudumu ndani au nje, ndio ya kurekebisha kamba, yaani ule mlalo wa gurudumu. Fundi asiyeijua anaifunga vile imeangukia. Basi kabla ya kufungua chochote mwambie aweke alama ya chaki, na baada ya kumaliza bado uende alaimenti, si wiki ijayo, siku hiyo hiyo.

Nyuma linganisha zile maunti za juu, ya Forester na ya kwako, uweke moja juu ya ingine uone kama bolti na matundu yanalingana, kabla hujalipa. Zikikataa, utahamisha maunti zako kwa strati ya Forester, na hiyo ni kufungua koili. Gari ikishainuka utaona gurudumu la nyuma limesogea mbele kidogo ndani ya matao yake, kwa sababu ile amu ndefu inayotoka mbele inalivuta likishuka. Kama tairi ni kubwa litasugua. Stabilaiza linki zitavutika, paipu za breki hakikisha zina ulegevu usukani ukizungushwa mwisho kulia na kushoto gari ikiwa kwa jeki. Taa nazo zitaanza kuwapiga wenzako machoni, zishushe.

Na kitu kikubwa: baadhi ya Forester za SG nyuma zina strati za kujipandisha zenyewe gari ikibeba mzigo. Hizo zikizeeka nyuma inakaa chini kabisa, na koili zake ni laini kwa sababu strati ilikuwa inasaidia kubeba. Ukifunga hizo umeshusha gari uliyotaka kuinua. Na usichanganye koili ya aina moja na strati ya aina ingine, chukua seti nzima imetoka kwa gari moja isiyo na hiyo kitu.

Zile za Forester ni ngumu zaidi kwa Impreza kwa sababu Forester ni nzito. Ukiwa peke yako Waiyaki Way utahisi inarukaruka. Ukiwa umebeba viazi kutoka Ol Kalou utafurahi.

Mimi ni dereva wa teksi ya app, Vitz. Shoki moja ya mbele kushoto imevuja, ya kulia iko sawa. Naweza kununua moja mtumba tu nisukume siku? – Umoja

Kaka, najua gari isipotoka hakuna chakula, lakini nunua mbili. Ukiwa na moja imechoka na ingine ngumu, ukishika breki ghafla Outering gari inavuta upande, na kwa lami yenye maji ndio mbaya zaidi. Kama pesa haitoshi mbili mpya, chukua pea ya mtumba iliyotoka kwa gari moja, uzikague vile nimemweleza dada wa South B, na uhesabu kwamba umenunua muda tu.

Fundi, NZE 121 yangu iliwekwa lowa amu za Allion, eks-Japani, ziliingia bila shida na bushi zilikuwa bado nzuri. Haijafika hata mvua ya pili bushi zimekatika zote mbili. Ni eks-Japani mbaya ama ni nini? – Mzee wa Kasarani

Mzee shikamoo. Inawezekana raba ilikuwa imezeeka, lakini kwa vile zimekatika zote mbili kwa pamoja mimi nauliza kitu kingine: bolti za amu zilikazwa gari ikiwa wapi?

Gereji nyingi zinakaza gari ikiwa bado kwa jeki, magurudumu yananing'inia. Sasa ile bushi si kitu cha kuzunguka kwa bolti. Chuma cha ndani kinashikwa na bolti, cha nje kimeshikwa na amu, raba iko katikati na inajipinda. Ukikaza amu ikiwa imening'inia, hapo ndipo raba inapumzikia. Ukishusha gari chini raba imeshapindwa hata kabla hujatoka getini, na inabaki imepindwa usiku na mchana, halafu juu yake unaongeza mashimo. Itakatika tu, hata ikiwa jenuini mpya. Dawa ni kuingiza bolti zote kwa mkono, kushusha gari ikae kwa magurudumu yake ama kuweka stendi chini ya amu mpaka ibebe uzito, kuitikisa ikae, ndio ukaze.

Amu zenyewe usizitupe Mzee. Ni chuma, kama hazijapinda ni nzuri. Zipeleke mahali pana presi watoe bushi kuukuu waingize mpya, na usikubali nyundo. Kabla ya kutoa ile ya nyuma, wapige picha ya simu vile imekaa, kwa sababu raba yake ina nafasi zilizoachwa wazi na zina upande wa kutazama. Ikiingizwa imegeuka gari itakuwa na sauti mpya na wataanza kukuuzia stabilaiza linki. Boljointi ishike uitikise, ikicheza hata kidogo badilisha, hiyo ndiyo imeshikilia gurudumu lisikimbie, na kwa hiyo sitaki kusikia mtumba kabisa.

Mark X ya 2007, naweza kuweka shoki za Crown ya miaka hiyo? – Embakasi

Mark X GRX120 na Crown GRS180 ni nyumba moja, ndio. Na hapa mbele si MacPherson, ina amu ya juu na ya chini, kwa hivyo shoki haipangi kamba ya gurudumu na hatari ni ndogo. Ila usichukue ya foo-wili uweke kwa ya kawaida, draivshafti imebadilisha umbo la chini. Na ukiona waya unatoka juu ya shoki, hiyo inaendeshwa na kompyuta ambayo gari yako huenda haina, achana nayo.

Fundi mimi ni mwanafunzi wa gereji hapa Kariobangi. Mkubwa wetu anafungua strati kwa kufunga koili na waya wa chuma ama kuikanyaga wawili halafu mmoja anafungua nati ya juu. Anasema klampu za kufinya koili ni za gereji za Industrial Area. Ni sawa? Naogopa kuuliza. – Kijana wa Kariobangi

Kijana wangu, umefanya vizuri kuuliza, na jibu ni hapana, si sawa hata mara moja.

Koili iliyo kwa strati imefinywa tayari, hata gari ikiwa juu ya jeki. Ile nati ya juu ndio kitu pekee kinachoizuia kufunguka. Ukiifungua koili ikiwa haijashikwa, maunti inaruka na nguvu inayoweza kuvunja taya ama kuua, na inaruka upande ule uso wako uko, kwa sababu umeinama kuangalia nati. Waya wa chuma unakatika ama unateleza. Watu wawili wakikanyaga, mmoja akiteleza ule mwingine hawezi kuishika peke yake. Nimewaona mafundi wazuri wakiwa na vidole pungufu kwa kazi hii.

Tumia klampu mbili, ziweke zikitazamana, kila moja ishike mizunguko mingi ya koili iwezekanavyo, uzikaze zamu kwa zamu, mizunguko michache huku, michache kule, zisilale upande mmoja. Usitumie bunduki ya hewa kuzikaza. Endelea mpaka uone koili imeachana na sahani na unaweza kuizungusha kwa mkono. Kabla ya hapo nati ya juu usiiguse. Ukiifungua kaa pembeni, strati isitazame mtu yeyote, wewe wala mteja aliyekaa kwa benchi. Ukirudisha weka nati mpya, ncha ya koili ikae kwenye kile kidaraja cha sahani, ndio ulegeze klampu polepole zamu kwa zamu.

Klampu si za Industrial Area peke yake, zinauzwa hapo hapo Kirinyaga Road, na mnaweza kuchanga vijana wote wa gereji mkanunua seti moja. Mkubwa wako mwonyeshe ukurasa huu, mwambie umeusoma kwa gazeti, halafu ile kazi ya kukanyaga kataa, hata akikurudisha nyumbani siku hiyo.